Sufuria Nyuma ya Pazia

Mazungumzo ya asubuhi redioni
Masomo: Danieli 1:8-16; Mithali 15:17; Warumi 14:1-4

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza juu ya chakula. Huenda mwingine atasema, "Chakula ni jambo la jikoni, si jambo la ibada." Lakini Bwana wetu alipotufundisha kuomba hakuona haya kutaja mkate wa kila siku. Tena sisi tunalo jambo la kuungama, na jambo hilo lilitendeka mezani petu.

Sisi ni mume na mke, na makao yetu ni Jericho, hapa Nairobi, upande wa Eastlands. Mtu asiyeujua mji wetu hutabasamu akisikia majina ya mitaa hii. Jericho iko hapa, na Jerusalem iko jirani yake, hata mtu aweza kushuka kutoka Jerusalem mpaka Jericho kwa miguu yake, na Mungu akipenda afike bila kuvamiwa na wanyang'anyi. Nyumba zetu zimekaribiana. Jioni ikifika, harufu ya kila sufuria hutoka katika mlango huu na kuingia katika mlango ule. Anayekaanga vitunguu anajulikana, anayepika samaki anajulikana, na aliyelala kwa chai kavu anajulikana pia, ingawa majirani wema hujifanya kwamba hawajui.

Katika mitaa hii nyama ina heshima kubwa. Siku ya mshahara wanaume wengi hupitia Burma, lile soko lililo karibu na Shauri Moyo, wakanunua nyama ya kupeleka nyumbani, au wakaila pale pale ikiwa imechomwa. Mgeni akija, hutafutiwa nyama. Hatusemi kwamba ni vibaya. Ibrahimu naye alipotembelewa na wageni watatu alilikimbilia kundi akachagua ndama. Lakini siku nyingine zote, tangu Jumatatu hadi Ijumaa, nyumba nyingi hapa huishi kwa maharagwe, kwa ndengu, na kwa sukuma wiki, mboga ambayo jina lake lenyewe hutuambia kazi yake, yaani kuisukuma wiki mpaka ifike mwisho. Chakula kinachotulisha siku hizo zote hatukisifu hata kidogo. Chakula cha siku moja ndicho tunachowaonyesha wageni.

Basi, sikilizeni yaliyotupata. Wakati wa Pasaka binti yetu wa pili alirudi nyumbani kutoka chuoni. Tulikuwa tumenunua nyama kwa ajili ya sikukuu. Tulipoketi kula, yeye alijipakulia ugali na mboga peke yake. Tukamwuliza, "Mwanangu, mbona huli?" Akajibu kwa adabu, "Baba, Mama, tafadhali msikasirike. Mimi nimeacha nyama. Nimeacha na samaki, na mayai, na maziwa pia. Nawahurumia wanyama, na tena nimejifunza kwamba mwili waweza kutunzwa na vitu vinavyotoka shambani."

Baadaye alitueleza kwamba wako watu wengi duniani wanaoishi hivyo, na kwamba mwaka 1944 walianzisha chama chao huko Uingereza, wakajiita vegani. Wakati ule sisi hatukutaka maelezo. Mmoja wetu alimwuliza kwa ukali kama ameingia katika dini ya ajabu. Mwingine alinyamaza, akatoka nje, akalia. Tulikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya haki: sisi wenye umri huu tuliwaona watoto wa utapiamlo, wenye nywele zilizogeuka rangi na miguu iliyovimba, nasi tuliogopa binti yetu asije akadhoofika. Hofu ya pili tuliificha chini ya ile ya kwanza. Tuliogopa watu waseme kwamba nyumba yetu haina uwezo, hata mtoto amezoea kula maharagwe na kuyafanya dini.

Binti yetu hakubishana nasi. Akawa anapika sufuria yake ndogo kando ya sufuria yetu.

Majuma machache baada ya hapo, zamu ya ushirika wa nyumbani ilifika kwetu. Wangekuja watu 12. Mwisho wa mwezi ulikuwa bado mbali, na mkononi hatukuwa na kitu. Tungeweza kuwapa wageni chakula tulichokuwa nacho. Badala yake tulikwenda kwa mwuza nyama, tukachukua kilo tatu kwa deni, naye akaandika katika daftari lake, mahali ambapo jina letu lilikuwa limekwisha kuandikwa mara mbili. Jioni ile binti yetu alikuwa ameinjika maharagwe ya nazi. Tuliposikia sauti za wageni mlangoni, tulimwambia, "Ondoa sufuria hiyo upesi, iweke chumbani nyuma ya pazia. Usituaibishe." Akaiondoa.

Wageni waliimba, wakaomba, wakala. Kilo tatu kwa watu 12, pamoja na sisi wenye nyumba, si nyingi. Kila mmoja alipata vipande viwili vitatu, na watoto wakapata mchuzi. Miongoni mwa wageni alikuwako mama mzee ambaye meno yake yamekwisha. Alikigeuza kipande cha nyama kinywani, kisha akakirudisha sahanini polepole ili tusione. Halafu akasema kwa upole, "Wanangu, nasikia harufu ya maharagwe. Kama yapo, nipeni kidogo, kwa maana mimi meno sina."

Binti yetu alitutazama. Hakusema neno, alingoja tu tumpe ruhusa. Nasi, ndugu wasikilizaji, tukiwa na Biblia zetu magotini, tulijibu, "La, Mama, hiyo ni harufu ya kwa jirani."

Yule mama alikula ugali na mchuzi, akashukuru, akaenda zake. Wageni walipokwisha kuondoka, binti yetu aliitoa sufuria nyuma ya pazia. Ilikuwa imejaa. Alituuliza jambo moja tu: "Mama, chakula changu ni aibu kiasi hicho?" Hatukuweza kumjibu. Kwa ajili ya vipande viwili vya nyama tulikuwa tumekopa tusichoweza kulipa, tumemnyima mzee chakula alichokiomba, na tumesema uongo mbele ya mtoto wetu.

Usiku ule tulifungua kitabu cha Danieli. Habari yake twaijua tangu Shule ya Jumapili. Nebukadreza aliwachukua vijana wa Yuda hadi Babeli, akawaagizia chakula kutoka katika meza yake mwenyewe na divai aliyokunywa yeye. Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria wakaomba wapewe mboga na maji. Biblia yetu ya Kiswahili hukiita chakula hicho mtama, na neno la Kiebrania lenyewe lina maana ya vitu vilivyopandwa, vyakula vya mbegu na vya bustani. Mkuu aliyewasimamia aliogopa kwamba nyuso zao zitakonda naye atakatwa kichwa. Danieli hakumdharau kwa hofu yake. Alisema tu, tujaribu kwa siku 10, kisha ututazame. Zilipotimia siku 10 nyuso zao zilikuwa nzuri kuliko nyuso za vijana wote waliokula meza ya mfalme.

Zamani tulidhani somo la sura hii ni kwamba nyama ni mbaya. Lakini ukisoma mbele, katika sura ya 10, Danieli asema kwamba alipokuwa akiomboleza hakuonja nyama wala divai kwa majuma matatu. Maana yake ni kwamba siku nyingine aliweza kuonja. Kwa hiyo nyama yenyewe haikuwa adui wa Danieli. Danieli alikataa kununuliwa. Hakutaka meza ya mfalme ndiyo imwambie yeye ni nani. Nasi tuliona ya kuwa daftari la mwuza nyama lilikuwa limekuwa Babeli yetu. Hakuna mfalme aliyetulazimisha, tuliingia utumwani wenyewe kwa hofu ya macho ya watu.

Lakini mtasema, "Hayo ni ya roho. Je, na mwili?" Swali hilo ni la haki. Danieli naye hakukataa kupimwa. Kwa hiyo sisi wazazi tulikwenda kliniki, tukamwuliza muuguzi mmoja mwenye subira, naye akatufundisha mambo ambayo twapenda kuwashirikisha, kwa kuwa ziko nyumba nyingi ambazo nyama haikuachwa kwa hiari. Bei ya kilo moja ya nyama ya ng'ombe hapa Nairobi hununua zaidi ya kilo mbili za maharagwe. Wengi hula maharagwe kwa manung'uniko, bila kujua ni chakula gani walicho nacho.

Mwili huhitaji protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50 za protini kwa siku. Sasa, gramu 100 za maharagwe makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini. Ndengu ni karibu hivyo hivyo, karanga hufika 25 hivi, na soya huzidi 30. Mahindi yana 9 hivi. Lakini kumbukeni kwamba maharagwe yakipikwa hunywa maji mengi, hata gramu 100 zilizoiva zina protini gramu 8 au 9 tu. Kwa hiyo kijiko kimoja cha maharagwe juu ya mlima wa ugali hakitoshi. Sahani ya maharagwe yapasa kujaa.

Jambo la pili alilotufundisha lilitufanya tumshukuru Mungu kwa ajili ya nyanya zetu. Protini hufanywa kwa sehemu nyingi ndogo ndogo, kama ukuta ufanywavyo kwa matofali. Mahindi yana upungufu wa tofali moja liitwalo laisini. Maharagwe yana laisini nyingi, lakini yana upungufu wa tofali jingine ambalo mahindi yanalo. Mahindi na maharagwe yakiliwa pamoja, kila moja hujaza pengo la mwenzake. Basi, githeri ni nini? Ni mahindi na maharagwe katika chungu kimoja! Wakikuyu wanayo githeri, Wakamba wanayo muthokoi, na Wajaluo wanayo nyoyo. Waluhya huponda viazi vitamu pamoja na maharagwe wakapata mushenye, na ndugu zetu wa Pwani hula mbaazi za nazi kwa mahamri. Mama Mkikuyu aliyejifungua hupewa njahi ili apate nguvu. Watu hawa wote wamekutana hapa Eastlands, wakakaa mlango kwa mlango, kila mmoja na sufuria yake ya hekima, halafu kila mmoja anaificha mgeni akija.

Hata nabii Ezekieli aliagizwa kuchanganya ngano, shayiri, mtama na jamii ya kunde na dengu katika chombo kimoja, akafanya mkate. Ulikuwa mkate wa siku za mazingira, chakula cha mji ulio katika dhiki. Lakini tazameni, hata katika dhiki nafaka na kunde ziliwekwa pamoja.

Sasa neno kwa wapishi. Chagueni maharagwe, mkitoa mawe na yaliyooza. Yalowekeni jioni katika maji mengi mpaka asubuhi, halafu mwageni maji hayo. Hivyo yataiva upesi, makaa yatapungua, na tumbo halitajaa gesi. Chemsheni sana tangu mwanzo. Maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayoleta kutapika na kuhara. Mwakumbuka sufuria ya wana wa manabii huko Gilgali, jinsi walivyolia kwamba mna mauti ndani yake. Walikuwa wamepika kitu wasichokijua. Msiogope maharagwe, bali yaheshimuni, yachemke mpaka yapondeke kwa vidole viwili. Nyanya na ndimu zitiwe baada ya maharagwe kulainika, kwa sababu uchachu huyazuia yasiive. Magadi hulainisha upesi, lakini huharibu baadhi ya vitamini, hivyo ni afadhali kuloweka kuliko kutia magadi. Ukiwa na kikapu kilichotandikwa matambara mazito, chemsha maharagwe yaliyolowekwa kwa nusu saa, yafunike vema, yatie ndani ya kikapu, nayo yataendelea kuiva huku wewe uko kanisani.

Ndengu hazina haja ya kungoja sana. Zikaange kwa kitunguu, nyanya na dania, ule kwa chapati au wali. Sukuma wiki, kunde na mchicha hupata nguvu na ladha ukiunga kwa karanga zilizosagwa. Lakini karanga na mahindi yenye ukungu tupeni, msimpe hata kuku. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya ukungu yaliua watu 125 katika nchi yetu, wengi wao huko Makueni na Kitui, na sumu hiyo haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika.

Tena maharagwe na mboga za majani zina madini ya chuma, ambayo huongeza damu, lakini mwili huyapokea kwa shida. Chungwa au ndimu pamoja na chakula husaidia. Chai huzuia. Sisi hapa hupenda kuteremsha githeri kwa kikombe cha chai, nasi twajinyima damu bila kujua. Ngojeni kama saa moja, ndipo mnywe chai yenu.

Muuguzi alituonya pia, nasi twapitisha onyo lake bila kupunguza. Iko vitamini moja, iitwayo B12, ambayo mimea haina. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa kabisa lazima aipate kwa vidonge au kwa vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, la sivyo damu na mishipa ya fahamu itaharibika, hata kama imani yake ni kubwa. Na mtoto mchanga, au mama mwenye mimba, asikatwe maziwa na mayai kwa sababu tu sisi tumependezwa na jambo jipya. Mama na aende kliniki kwanza, ashauriwe. Binti yetu alisikiliza maneno hayo, na tangu siku ile anatumia vidonge vyake. Hofu yetu ya kwanza ikatulia.

Hofu ya pili ilihitaji dawa nyingine. Tulipika sufuria ya maharagwe ya nazi, sisi wenyewe kwa mikono yetu, tukaibeba mchana kweupe, watu wakituona, mpaka nyumbani kwa yule mama mzee. Tukamwambia, "Mama, tumekuja kutubu. Jioni ile harufu haikuwa ya kwa jirani. Tulikudanganya." Mama yule alicheka mpaka akapangusa machozi. Akasema, "Wanangu, nilijua. Jirani yenu wa upande huu alikuwa ameketi kulia kwangu, na wa upande ule kushoto kwangu. Nani alikuwa akipika huko?" Kisha akachukua kijiko, akala. Alipomaliza, alituombea. Hakutukemea, bali aliomba tu kwamba nyumba yetu isiwe na pazia.

Wapendwa, mwandishi wa Mithali asema kwamba chakula cha mboga penye upendo ni bora kuliko ng'ombe aliyenona mahali penye chuki. Angalieni mstari huo vizuri. Mboga peke yake haikusifiwa, na ng'ombe peke yake hakulaumiwa. Jambo lililopimwa ni upendo. Twaweza kuwa na sahani ya mboga yenye kiburi kama vile twaweza kuwa na sahani ya nyama yenye kiburi.

Mtume Paulo aliliona jambo hilo katika kanisa la Rumi. Palikuwa na mtu aliyekula vyote, na mwingine aliyekula mboga tu. Paulo alimwambia anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula, kwa kuwa Mungu amempokea. Sisi tulikuwa tumevunja nusu ya kwanza ya neno hilo. Binti yetu naye, baada ya kusoma pamoja nasi, alikiri kwamba mara nyingine alipotuona tukila nyama alituhukumu moyoni. Tulisameheana mezani pale pale, kabla ugali haujapoa.

Tena tusidhani kwamba mtu asiyekula nyama amejitenga na kanisa la Kristo. Pale Eastleigh, si mbali na kwetu, wako Waethiopia na Waeritrea wa Kanisa la Orthodoksi. Kila Jumatano na Ijumaa katika sehemu kubwa ya mwaka, na siku 55 kabla ya Pasaka, wanaofunga hawagusi nyama, maziwa wala mayai, bali hula injera kwa dengu na kwa mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde. Na ndugu zetu Waadventista Wasabato, waliofika Gendia karibu na Ziwa Victoria mwaka 1906, wamekuwa wakiwahimiza watu wao kupenda vyakula vya mimea. Twaweza kutofautiana nao katika mafundisho mengine, lakini mezani wanalo jambo la kutufundisha sisi tunaopima heshima ya mgeni kwa kilo.

Ndugu msikilizaji, huenda hukusudii kuacha nyama, na hatukulazimishi. Sisi wenyewe hatujaiacha. Siku moja moja twainunua, kwa fedha taslimu, na deni la daftari tumekwisha kulilipa, ingawa lilituchukua miezi miwili. Sufuria ya binti yetu ipo mezani pamoja na yetu, katikati, na mara nyingi zaidi sufuria ni moja, nayo ni yake. Ushirika wa nyumbani ulipotufikia tena, tuliwapa watu githeri, sukuma wiki ya karanga, na machungwa. Wawili walinung'unika kidogo. Mmoja alisema kwa mzaha kwamba amekuja kwa waliofilisika. Tulisikia uchungu, kwa maana kiburi hakifi kwa siku moja. Lakini watoto walishiba, na mama mzee alirudia sahani.

Basi juma hili twakuomba jambo moja. Je, kiko kitu nyumbani mwako unachokificha mgeni akija, si kwa sababu ni dhambi, bali kwa sababu ni cha kawaida? Labda ni sufuria ya maharagwe. Labda ni kazi yako ya mikono, au mzazi wako asiyejua kusoma, au mtoto wako aliyechagua njia usiyoielewa. Mwulize Bwana kwa nini unakificha. Kisha uondoe pazia.

Natuombe.

Ee Baba, uliyewapa wanadamu tangu mwanzo kila mche utoao mbegu uwe chakula chao, twakushukuru kwa mahindi na maharagwe, kwa ndengu na kunde, na kwa mikono iliyovilima na kuvibeba mpaka masokoni. Utusamehe tulipoona haya kwa karama zako. Utusamehe tulipomnyima mgeni kile tulichokuwa nacho, tukamkopea kile tusichokuwa nacho. Uwakumbuke leo wale ambao sufuria zao ni tupu, nasi utufanye kuwa majirani wanaosikia na kupeleka. Uketi mezani petu, iwe kuna nyama au hakuna, na kila aketiye nasi ajue kwamba anapendwa. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapendwa wasikilizaji, na Mungu abariki chakula chenu cha leo.